Hina ya kucha haitolewi kwa wembe

Hina ya Idi hufifia kiganjani ndani ya wiki mbili au tatu, lakini kwenye kucha hubaki. Wanawake wa Kilwa Masoko wanajua inavyokuwa: nguo ya sikukuu imeshakunjwa kabatini, mikono imeshatakata, na ncha za vidole bado zina rangi ya chungwa iliyochuja, huku ukanda mweupe wa kucha mpya ukisogea polepole kutoka shinani. Kwa aliyejinunulia chupa mpya ya rangi ya kucha na rangi ya mdomo inayoendana nayo, mabaki hayo yanakera kwelikweli, na hakuna sababu ya kumcheka. Tabu huanza pale anapotaka yatoke leo hii. Haraka hiyo inaharibu vidole kuliko doa lenyewe, na ukifuatilia madhara mengi ya urembo katika pwani yetu utaikuta haraka ileile imetangulia.

Jani la mhina lina kiasili cha rangi kiitwacho losoni. Likisagwa na kulowekwa, kiasili hicho hutoka na kushikamana na keratini, protini inayojenga ngozi, nywele na kucha. Tabaka la juu la ngozi hupukutika na kuota jipya kila baada ya wiki chache, ndiyo maana kiganja husafika chenyewe. Kucha haipukutiki. Husukumwa mbele tu, kwa wastani wa milimita 3 hivi kwa mwezi, hivyo kucha ya mkono huhitaji miezi 6 hivi kuwa mpya yote, na ya kidole gumba cha mguu mwaka mzima au mwaka na nusu. Sasa tazama tunavyopambana nayo. Wengi hukimbilia ndimu, wakisahau kwamba ndimu ndiyo iliyokandiwa unga wa hina ili rangi ikoze. Wengine huchukua asetoni, ambayo huyeyusha rangi ya chupa kwa sababu ile imekaa juu ya kucha; hina imeshaingia ndani, asetoni haina cha kuyeyusha, inabaki kukausha tu. Jiki ya kung'arishia nguo nyeupe hula kucha pamoja na ngozi inayoizunguka. Wembe ndio mbaya zaidi: ukikwangua, unachoondoa ni kucha yenyewe, nayo ikishakuwa nyembamba hupinda, huchanika na kuachana na nyama ya chini, na hapo fangasi wamepata mlango.

Kinachofaa hakina maajabu. Kata kucha kila zinapozidi, zipakwe mafuta ya nazi usiku, na aliyechoka kuangalia doa alifunike. Rangi ya damu ya mzee, kahawia au zambarau iliyoiva hufunika chungwa la hina bila kuacha kivuli, ilhali waridi hafifu humwangusha mpakaji kwa sababu doa huchungulia chini yake. Ila rangi hizo nzito za chupa nazo huacha manjano kwenye kucha zikikaa siku nyingi, hivyo itangulie safu moja ya rangi isiyoonekana, ikauke kabisa, ndipo ije ile unayoitaka. Hapo mtu anafurahia kipya chake leo bila kuidai kucha iende mbio kuliko ilivyoumbwa.

Haraka ya kutoa ina dada yake, haraka ya kukoza. Hina halisi haitoi weusi mkononi. Hutoa chungwa, kisha hudhurungi siku ya pili au ya tatu, baada ya kukaa imefungwa usiku kucha. Anayetaka maua meusi ndani ya saa moja anataka piko, na piko ni rangi ya nywele. Weusi wake hutokana na kemikali ya parafenilenidiamini, maarufu kwa kifupi PPD. Sheria za Ulaya zinairuhusu kwenye rangi za nywele tu, isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na zinakataza kuipaka kwenye ngozi. Mchoraji anayekoroga unga wa pakiti katika kibakuli cha plastiki hana kipimo, na anaupaka palepale palipokatazwa. Wengi hawapati lolote. Wachache huamka siku kadhaa baadaye maua yamevimba na kutoa malengelenge yenye umbo lilelile la mchoro, na kovu au baka huweza kubaki miezi mingi. Mwili ukishaikataa PPD mara moja huikataa maisha yote, kwa hiyo binti aliyechorwa piko arusini anaweza kuzuiwa asipake hata rangi ya nywele atakapoingia mvi. Uzuri wa saa moja hauna thamani ya bei hiyo, na wapambaji wanaoipaka mikononi mwa watoto wadogo wakati wa Idi waache.

Wapo watakaosema kosa si haraka, kosa ni vya kigeni: bibi zetu walijipamba kwa vya hapa na hawakudhurika. Hoja hii ina mvuto, lakini haisimami mbele ya historia ya Kilwa yenyewe. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa Kisiwani mwaka 1331 aliandika kuhusu watu wenye chale usoni, na mji alioukuta uliishi kwa biashara ya bahari. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yamewapa wachimbaji shanga za kioo zilizovuka Bahari ya Hindi. Urembo wa hapa ulikuwa na vya kigeni ndani yake tangu zamani, na hatukupungukiwa na heshima kwa hilo. Tena cha asili nacho huua. Baadhi ya wanja wa mawe, ule tunaowapaka hata watoto wachanga, umepimwa katika nchi mbalimbali na kukutwa na risasi, madini yanayodumaza ubongo wa mtoto. Na nani katika mkoa wa Lindi hajaona mafuta ya ganda la korosho? Hakuna kitu cha asili kuliko hayo, na hapana kinachoharibu mkono upesi kama hayo. Mwanamke anayebangua bila kujipaka majivu au mafuta mikononi huungua, ngozi hubambuka, na vidole na kucha hubaki na weusi usiotoka kwa sabuni.

Mwanamke huyo anastahili kutajwa zaidi, kwa kuwa ndiye anayesahauliwa kila urembo unapoitwa upuuzi. Anapozifunika kucha zilizochafuliwa na kazi kwa rangi nyekundu siku ya arusi ya mdogo wake, hajidanganyi wala hadanganyi mtu. Anaipumzisha mikono yake machoni pa watu. Cha kumwambia ni kwamba asubiri mchubuko upone kwanza, kwa sababu rangi na asetoni juu ya kidonda huongeza moto.

Pingamizi la dini ni zito na linahitaji jibu la heshima. Rangi ya chupa huzuia maji yasifike kwenye kucha, kwa hiyo anayeswali anapaswa kuiondoa kabla ya kutia udhu. Hina haizuii, kwani ni rangi isiyo na gamba. Wanawake wa pwani wamelitatua jambo hili siku zote kwa kupaka ya chupa wanapokuwa hawaswali na kubaki na hina siku nyingine. Pingamizi jingine ni la afya. Mwezi Septemba 2018, kule Dodoma, Spika Job Ndugai alipiga marufuku wabunge wanawake kuingia bungeni na kope na kucha za bandia, kwa sababu za kiafya. Hofu ile ilikuwa na msingi, lakini marufuku haikufundisha mtu namna ya kuzivua, na madhara mengi ya kucha za bandia hutokea hapo. Zikilowekwa kwenye asetoni mpaka gundi ilainike, huachia. Zikibanduliwa kwa meno au kwa ncha ya mkasi, huondoka na tabaka la kucha halisi.

Bibi arusi wa Ijumaa atasema hana muda wa kukijaribu kipodozi kabla ya kukitumia. Anao, kwa kuwa kinachotakiwa ni siku 2 tu. Kipodozi kipya, kiwe poda, faundesheni au gundi ya kope, kipakwe kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, kiachwe saa 48. Pakiwasha, kisipande usoni. Faundesheni ijaribiwe kwenye taya, mtu akiwa nje penye mwanga wa mchana, kwa sababu taa ya dukani humfanya kila mtu aonekane mweupe, na hapo ndipo uso hutoka na rangi tofauti na shingo. Kisichokuwa na maandishi, kinachouzwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo kubwa, kiachwe dukani, na mkorogo pamoja nacho. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umehamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, nalo lina orodha ya vilivyokatazwa, vikiwemo vyenye zebaki na haidrokwinoni.

Lipo doa moja ambalo halitakiwi kusubiriwa, nalo ni lile ambalo mtu hakulipaka. Mistari myeusi kwenye kucha ni ya kawaida kwa watu weusi, hasa ikiwa kwenye vidole vingi. Lakini mstari mmoja unaozidi kupanuka, au weusi unaotambaa hadi kwenye ngozi, unaweza kuwa saratani. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa mguu. Atakayeona hilo aende hospitali ya wilaya, Kinyonga, wiki hiyohiyo, na aende kucha zikiwa tupu, bila rangi, ili daktari aone.