Unasihi na Msaragambo katika Shule za Upareni
Unasihi, yaani mazungumzo ya faragha ambayo kwayo mwalimu anayeaminiwa humsaidia mtoto kuitambua hofu, huzuni au hasira yake na kutafuta namna ya kuikabili, umepata nguvu Tanzania Bara kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotambua haki ya mtoto ya kulindwa na kutoa maoni yake. Wilayani Same, Upareni, hata hivyo, mazingira huamua mengi: mtoto wa tambarare kame huweza kufika shuleni na dumu la maji mkononi, huku mwenzake wa Chome au Mamba, mlimani, akipanda njia ya utelezi wakati wa masika, na wote wawili wakaonekana wazito au wakorofi kabla hawajaulizwa lolote. Kumwuliza mtoto wa namna hiyo jana alikula nini tayari ni unasihi, tena wenye maana kuliko hotuba ya paredi. Kijiji nacho kinaweza kusaidia: Wapare wana msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Pengine ingefaa wazazi na majirani, baada ya kuweka majembe chini katika kazi hiyo, wazungumze na walimu kuhusu watoto, kwa kuwa mtoto aliyeachwa kwa bibi huku wazazi wakitafuta riziki mjini hujulikana kwa majirani kabla ya kujulikana shuleni.