Gitaa, Mvumo na Haki Isiyo na Mwisho

Gitaa la umeme likishaunganishwa na amplifaya, mara nyingi husikika mvumo hata kabla mpigaji hajagusa uzi. Mvumo huo si ugonjwa wa spika. Unatoka kwenye nyaya za umeme wa ukutani, ambao Afrika Mashariki huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na Marekani mara 60. Namna mvumo huo ulivyonyamazishwa ni fizikia tamu. Namna sheria ilivyoulinda uvumbuzi huo, kisha ikauachia, inatupa kipimo cha kupimia migogoro ya watengenezaji wa vyombo vya muziki. Ninashikilia kwamba sheria humtendea haki mvumbuzi inapolinda namna chombo kinavyofanya kazi, kwa muda unaojulikana. Hupotoka inapoombwa kulinda umbo la chombo milele.

Chini ya nyuzi za gitaa hukaa kifaa ambacho wapigaji hukiita pikapu: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake huuyumbisha uga wa sumaku, na kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, uga unaobadilika ndani ya koili huzaa umeme. Shida ni kwamba koili haichagui. Hupokea mtetemo wa uzi, na hupokea pia uga wa transfoma na nyaya zilizo karibu. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson huko Kalamazoo, Michigan, aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu na kuziunganisha kinyume. Mvumo huingia katika koili zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana. Kwa kuwa moja imegeuzwa, unaopanda huku hushuka kule, na mwishowe hufutana. Lakini kwa hatua hiyo peke yake sauti ya uzi nayo ingefutika. Ndiyo maana ncha ya sumaku kwenye koili ya pili hugeuzwa pia, kaskazini ikawa kusini. Sauti ya uzi, inayoitegemea sumaku hiyo, inakuwa imegeuzwa mara mbili, hivyo inarudi ilivyokuwa na kujumlishwa. Mvumo hauihitaji sumaku ya gitaa, kwa hiyo umegeuzwa mara moja tu. Ni ile hesabu ya darasani, hasi mara hasi ni chanya, iliyosukwa kwa waya wa shaba.

Lover aliomba hataza tarehe 22 Juni 1955, na pikapu nyingi za miaka ya mwanzo zilitoka kiwandani na kikaratasi kinachotangaza kwamba hataza imeombwa. Ilitolewa tarehe 28 Julai 1959. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Ray Butts, ambaye pikapu yake ilitumiwa na Gretsch, washindani wa Gibson, alikuwa amepewa hataza ya pikapu yake ya koili mbili. Kuni za kuwasha kesi ndefu zilikuwepo, lakini kampuni hizo hazikupelekana mahakamani. Naona sababu imo katika hataza yenyewe: haimpi mtu kanuni ya maumbile. Kufutana kwa mvumo hakukuwa kwa Lover wala kwa Butts, kwani hataza za koili za namna hiyo zilikuwepo tangu miaka ya 1930. Kila mmoja alipewa mpangilio wake alioueleza kwa michoro na maneno, basi. Na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, haki hiyo ilidumu miaka 17 tangu hataza ilipotolewa. Kufikia katikati ya mwaka 1976 pikapu ya Lover ilikuwa mali ya yeyote anayejua kusuka koili.

Yupo atakayesema kwamba miaka 17 ni michache, na kwamba mnakili huvuna asichopanda. Hoja hiyo nzito siipuuzi. Kampuni ndogo hutumia miaka kutafiti, na mwigaji huhitaji bisibisi na wiki moja tu. Lakini hataza ni mapatano. Jamii humwachia mvumbuzi soko bila mshindani, naye huifichulia jamii siri yake kwa ukamilifu. Muda usipokwisha, jamii imetoa malipo bila kupokea bidhaa. Gibson wenyewe hawakudhoofika kwa kupoteza hataza ile. Pikapu za zamani zenye kile kikaratasi leo hutafutwa na kununuliwa kwa bei kubwa, ingawa mfano wake unaruhusiwa kutengenezwa popote.

Ugomvi mkubwa ulikuja kuzuka kwenye umbo. Mwaka 1977 Norlin, wamiliki wa Gibson wakati huo, waliwashitaki Elger, wasambazaji wa magitaa ya Ibanez kutoka Japani, kwa sababu ya mkato wa kichwa cha gitaa. Kesi ikamalizwa kwa maelewano. Baadaye madai yalihamia kwenye kiwiliwili. Gitaa la Les Paul liliingia sokoni mwaka 1952, lakini Gibson waliomba umbo lake lisajiliwe kuwa alama ya biashara mwaka 1987, na usajili ukatolewa mwaka 1993. Tofauti na hataza, alama ya biashara huweza kuhuishwa bila kikomo. Kwa usajili huo Gibson waliishitaki kampuni ya Paul Reed Smith kwa gitaa lake lenye pengo moja begani. Mahakama ya chini iliwapa Gibson ushindi, lakini mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilitengua. Gibson walikuwa wamekubali kwamba mnunuzi dukani hachanganyi magitaa hayo mawili. Kilichobaki ni dai kwamba mtu aliyekaa mbali, ndani ya baa yenye moshi, angeweza kudhani moja ni jingine. Majaji walilikataa, na walikuwa sahihi. Isitoshe, pengo lile la begani lina kazi: linauachia mkono nafasi ya kufikia noti za juu.

Watetezi wa maumbo hujibu kwamba umbo nalo ni jina. Mpenzi wa muziki huliona kwa mbali akamjua mtengenezaji. Huenda, pale mtengenezaji anapolilinda tangu siku ya kwanza. Lakini umbo ambalo wengi wamelitumia kwa miongo haliwezi tena kumtaja mmoja. Kwa sababu hiyo kampuni ya Fender ilinyimwa usajili wa viwiliwili vya magitaa yake ya Stratocaster na Telecaster nchini Marekani mwaka 2009, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya ilikataa kulinda umbo la Flying V la Gibson kuwa alama ya biashara. Huko Texas, katika kesi nyingine ya maumbo ya magitaa, juri iliwapa Gibson ushindi dhidi ya watengenezaji wa magitaa ya Dean mwaka 2022. Mwaka 2024 Mahakama ya Rufani iliamuru kesi isikilizwe upya, kwa kuwa juri ilinyimwa ushahidi wa miaka mingi kwamba wengine walikuwa wakiyatumia maumbo hayo. Ushahidi huo ndio kiini cha jambo zima. Jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa linatosha kumwambia mnunuzi nani amelitengeneza, na jina hilo lilindwe daima.

Hataza ya Lover, namba 2,896,491, bado inasomeka bure pamoja na michoro yake yote. Fundi wa Kariakoo au wa Nairobi mwenye waya wa shaba na sumaku anaweza kuifungua leo na kuijenga pikapu hiyo, bila kumwomba mtu ruhusa.