Maradhi Katika Mnyama wa Mawindo



Tumepata barua ya kijana tuliyemsomesha tangu udogoni, ambaye sasa ana mke na watoto katika jimbo la Michigan, Marekani. Asema alikwenda kuwinda pamoja na wenziwe, akapiga bunduki huku akitaja jina la Mwenyezi Mungu, akamkuta mnyama angali hai, akamchinja kama ipasavyo. Mnyama huyo ni jamaa ya paa na kulungu wa kwetu, ila pembe za dume humwanguka kila mwaka zikaota nyingine. Alikuwa mnene, manyoya yang'aa. Alipopasuliwa kifua ndipo vilipoonekana ndani ya mbavu vinundu vya manjano, mfano wa kunde, vyenye usaha mzito. Wenziwe wakamwambia, "Kata hapo utupe, paja halina neno." Naye atuuliza: nyama hii ni halali?

Yatupasa kukiri kuwa swali hili limetutia haya. Miaka mingi iliyopita, siku ya Idi, tulisimama karibu na ng'ombe wa udhiya, pafu lake likatolewa lina uvimbe wa namna hiyo hiyo. Mzee mmoja akalitupa kando, nyama ikagawiwa majirani. Sisi tuliona, tukanyamaza, tukala. Jicho na mguu wa mnyama tulivikagua alipokuwa hai, kama tulivyofundishwa. Ya kifuani mwake hatukuyatia maanani.

Vinundu vya namna hiyo vina khabari ndefu huko Michigan. Mwaka 1994, katika wilaya ya Alpena, mnyama wa jinsi hiyo aliyepigwa na mwindaji alionekana ana kifua kikuu cha ng'ombe. Wataalamu wakapima wengine, wakaona kuwa katika eneo lile karibu 5 kwa kila 100 walikuwa nacho. Sababu yake yastahili kuzingatiwa: watu walikuwa wakiwamwagia wanyama mahindi, karoti na viazisukari kwa malori, ili wasife njaa wakati wa baridi na wapatikane kwa wingi msimu wa kuwinda. Wanyama waliozoea kutawanyika wakala pua kwa pua, mate ya mmoja yakawa chakula cha mwenziwe. Ukarimu wenye tamaa ndani yake! Kufika 1998 ugonjwa ulikuwa umeingia katika mazizi ya ng'ombe. Kulisha kukapigwa marufuku katika sehemu zile, na baada ya miaka 10 hivi hesabu ikashuka chini ya 2 kwa 100. Wala binadamu hakusalimika: mwaka 2004 mwindaji mmoja aliambukizwa kidoleni kwa jeraha alilolipata akimpasua mnyama.

Basi kijana wetu twamjibu hivi. Kuchinja kumemhalalisha mnyama, lakini hakukumwondolea maradhi. Mola wetu ametuamuru kula kilicho halali na kilicho kizuri, yote mawili pamoja, na kujidhuru hakuruhusiwi. Moto mkali huua vijidudu hivi, ni kweli. Lakini nyama ya mnyama mwenye vinundu kifuani isiingie jikoni, hata paja lake. Aliyemshika anawe mikono kwa sabuni, akioshe kisu kwa maji ya moto, na mbwa asipewe matumbo. Tena asizike khabari pamoja na mzoga. Huko kwao kichwa hupelekwa kwa maofisa wa wanyama wa jimbo, kwa maana tezi za kichwani huonyesha ugonjwa hata pale ambapo kifua ni safi.

Na nyinyi akina mama mlio huku Afrika Mashariki, msiseme hayo ni ya Wamarekani. Kijidudu ni kile kile kipatikanacho katika maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa. Mtoto akiyalilia yakiwa bado motoni, na alie mpaka yachemke.

Kijana wetu amemalizia barua kwa kusema kuwa wenziwe wamegawana mapaja, nao wamemwona ana wasiwasi wa kike. Fungu lake hajalipika. Kichwa amekipeleka mwenyewe, na siku alipotuandikia majibu yalikuwa hayajarudi.