Kuchonga na Kuunda: Mpango wa Ngalawa katika Uroa

Mithali isemayo "Ukiona vyaelea, vimeundwa" haitaji jina la kitu chenyewe. Kiambishi vi- chatosha, kwani watu wa pwani hawakuwa na haja ya kuambiwa kuwa vieleavyo ni vyombo. Na kitenzi kuunda, ambacho leo hutumiwa katika kuunda serikali, kuunda kamati na hata kuunda maneno, katika mithali hiyo chamaanisha kazi ya fundi mwenye shoka na tezo. Maana hiyo hufahamika vizuri zaidi ikitazamwa mahali ambapo kazi yenyewe ina mizizi, kama vile Uroa, kijiji cha wavuvi katika pwani ya mashariki ya Unguja, baina ya Marumbi na Pongwe.

Bahari ya Uroa ndiyo iamuayo umbo la chombo. Mbele ya kijiji kuna maji ya ndani, nayo yamezungukwa na mwamba. Nje ya mwamba ni bahari kuu. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa katika Unguja hukaribia mita 4, na maji yakipwa sehemu kubwa ya ndani hubaki mchanga na vidimbwi. Mvuvi aendaye nje hutoka kwa kupitia mlango wa mwamba, na kurudi kwake hutegemea maji na upepo. Basi chombo kimfaacho hakina budi kuwa na mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi: kina kifupi, ili kisikwame ndani, na uthabiti wa kubeba tanga, ili kistahimili mawimbi ya nje. Ngalawa ni jawabu la tatizo hilo.

Habari za vyombo katika bahari hii ni za kale. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, chataja kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu hukifikiri kuwa Unguja, Pemba au Mafia. Chaeleza kuwa watu wake walikuwa na vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, navyo walivitumia kwa kuvua samaki na kuwinda kasa. Tena walitega matenga katika milango ya maji. Msomaji aijuaye Unguja atakumbuka mara moja dema na uzio. Uwindaji wa kasa nao uliendelea mpaka zama za karibu, na mojawapo ya njia zake ilikuwa kumfunga kamba samaki aitwaye chazo, ambaye humganda kasa akavutwa pamoja naye. Leo kuwinda kasa kumekatazwa na sheria. Kitu ambacho Periplus haikitaji ni miti ya ubavuni iifanyayo ngalawa kuwa ngalawa. Wataalamu wengi huihusisha miti hiyo na mabaharia wa asili ya visiwa vya Indonesia waliofika Bukini. Na katika Komoro chombo cha namna hii huitwa galawa.

Fundi wa ngalawa hachori ramani. Mpango wake hukaa katika vipimo vya mwili, yaani shibiri, mkono na pima, na katika maswali yafuatanayo kwa taratibu. Swali la kwanza ni la kazi: Je, chombo ni cha kuwekea dema maji ya ndani, au cha mishipi nje ya mwamba? La pili ni idadi ya mabaharia. La tatu ni mti. Maswali haya hayawezi kupinduliwa, kwa sababu urefu wa gogo ndio mwisho wa urefu wa chombo, na unene wake ndio mwisho wa upana. Mwenye kununua mti kabla ya kujua kazi yake huenda akapoteza mali yake yote, kwani mti ukishachongwa haurudi.

Katika Unguja mwembe hupendwa kwa kazi hii. Shina lake huwa nene, na mbao zake huchongeka bila taabu. Lakini si mti wa kudumu sana majini, nao ukiangushwa matunda yake yamekwisha. Gogo huchongwa kwanza pale lilipoanguka ili lipungue uzito, kisha huburutwa mpaka pwani. Huko tezo humalizia kazi ya shoka: omo na tezi huchongoka, tumbo hukombwa, na unene wa ubavu hupimwa kwa vidole na kwa sauti ya kugonga. Mpaka hapo kitu hicho ni mtumbwi, na kitenzi chake ni kuchonga.

Kuunda huanza pale kipande cha pili kinapotiwa. Mbao huongezwa juu ya kingo ili mawimbi yasiingie; kisha miti miwili hukingamishwa juu ya chombo, na katika ncha zake hufungwa mbao mbili zigusazo maji, moja kila upande. Hapa kamusi humwacha msomaji njiani. Maneno mrengu na tengo hufasiriwa karibu kwa namna moja, kuwa ni kitu kizuiacho ngalawa isipinduke. Lakini kitu hicho kina sehemu zaidi ya moja: mti ukingamao, ubao ueleao, na kamba ziunganishazo. Fundi anayemwagiza mwanafunzi wake kukaza sehemu mojawapo hawezi kutosheka na jina moja kwa zote.

Tanga nalo lina msamiati wake. Mlingoti husimamishwa, foromali huning'inizwa kwa henza, na pembe ya nyuma ya tanga huzuiwa kwa kamba iitwayo demani. Neno hilihili ni jina la upande usio wa upepo, na pia ni jina la majira yafuatayo kusi kali, takriban Agosti mpaka Novemba. Upande wa upepo ni joshi, na kwenda joshi ni kuukabili upepo. Mwisho chombo hupakwa sifa mbaoni, na chini hutiwa deheni ya shahamu na chokaa ili wadudu wa baharini wasiitoboe mbao, ndipo kikashuliwa.

Yaliyoupata mtepe yafaa kuwa onyo. Chombo hicho cha kushonwa kwa kamba kilitoweka katika karne ya 20, na pale mtepe mmoja ulipoundwa upya Unguja mwaka 2003, ukawekwa katika Beit al-Ajaib, waundaji walilazimika kutegemea mifano midogo na picha. Umbo liliweza kurudishwa. Lakini agizo la fundi kwa mwanafunzi wake halimo katika picha. Ngalawa ingali ikielea, ila miembe mikubwa yazidi kuwa adimu, na boti za mbao na za faiba zenye mashine zaongezeka. Mvuvi atakayezichagua hana lawama, kwani mashine humrudisha nyumbani hata upepo ukimkataa.

Kazi ya mwanalugha, basi, si kuongeza orodha ya majina tu. Orodha zimo tayari katika kamusi ya Johnson na ya Sacleux, zote mbili za mwaka 1939. Kinachokosekana ni mfuatano: neno lipi hutamkwa kabla ya lipi, kwa kitendo gani, na kwa kuionyesha sehemu gani. Hayo huandikwa pwani, karibu na gogo, wakati tezo ingali mkononi mwa fundi. Yasipoandikwa, mithali itaendelea kusemwa, na wasemaji watajua kuwa vyaelea. Ila jinsi vilivyoundwa hawataijua.