Watumiaji hewa tunaowahitaji

Neno "hewa" kwetu lina sifa mbaya. Mfanyakazi hewa ni jina kwenye orodha ya mishahara lisilo na mtu nyuma yake, na pesa zinatoka kila mwezi. Lakini wako watu hewa wa aina nyingine, ambao mimi mwalimu mstaafu nimewapenda uzeeni. Hawa hutumwa kwenye tovuti kabla haijafunguliwa kwa umma, waisonge, waisukume, na ikibidi waiangushe.

Sisi tulio Ghuba tunajua tovuti ikizidiwa inakuwaje. Siku ya matokeo ya mitihani nyumbani, wiki ya tiketi za Idi, siku ya mwisho ya kuomba chuo: kila mtu anabonyeza kwa wakati mmoja, na kiduara kinazunguka tu. Jirani yangu hapa Maskati ni dereva, mapumziko yake Ijumaa peke yake. Alikesha na simu akimwombea mwanawe nafasi ya masomo mpaka saa sita usiku, muda ukaisha, fomu haijapokelewa. Mtoto amepoteza mwaka. Siku za kawaida tovuti ile inafunguka bila taabu. Ilishindwa siku ile ile iliyojengewa.

Mpwa wangu anafanya kazi ya kupima tovuti, naye ndiye aliyenionyesha. "Mjomba, hawa elfu moja unaowaona hapa ni hewa tu," akaniambia. Anaandika maelekezo mafupi ambayo kompyuta inayafuata: fungua ukurasa, subiri sekunde 10 kama mtu anayesoma, andika namba ya mtahiniwa, bonyeza, hakikisha jibu lililorudi ni la namba hiyo, toka. Kisha programu inayarudia maelekezo hayo kwa mamia au maelfu ya watumiaji wa kubuni. Programu za kazi hii zipo za bure, kama JMeter na Locust. Locust maana yake nzige, na jina limekaa sawasawa: nzige mmoja hali shamba, kundi ndilo linalolimaliza.

Vipimo viko vya namna mbili kubwa. Cha kwanza ni cha mzigo: unaleta umati unaoutarajia, unatazama kama tovuti inajibu kwa wakati. Cha pili ni cha kuibana: unazidisha watu 500, 1,000, 2,000, mpaka ivunjike, ili ujue inavunjikia wapi na kama itasimama tena yenyewe.

Umati wenyewe unahesabika, hesabu ya darasani tu. Wazazi 10,000 wakija ndani ya saa moja, kila mmoja akikaa dakika 6, ndani watakuwemo kama 1,000 kwa wakati mmoja. Lakini saa ya matokeo ikijulikana, hawaji taratibu. Wakija 5,000 katika dakika 10 za mwanzo, ni 500 kila dakika, na ndani watajaa 3,000. Tovuti ikianza kuchelewa, kila mtu anakaa zaidi na anabonyeza tena na tena. Kuchelewa kunazaa msongamano, na msongamano unazidisha kuchelewa.

Kwa hiyo mtu hewa lazima afanane na mtu kweli. Ukiwapa wote namba moja ya mtahiniwa, seva inatoa jibu lile lile kutoka kwenye akiba yake, na tovuti itaonekana hodari wakati siyo. Ni kama kuuliza darasa zima swali moja: wa kwanza akishajibu, wengine wanaitikia.

Na jihadharini na wastani. Watu 95 wakijibiwa kwa sekunde 1 na watu 5 wakisubiri sekunde 60, wastani ni kama sekunde 4. Ripoti itasema mambo ni mazuri, na wala hakuna hata mmoja aliyesubiri sekunde 4. Mwalimu yeyote anajua wastani wa darasa unavyomficha mtoto wa nyuma anayezama. Wapimaji wazuri huuliza: yule aliyechelewa kuliko wengine alisubiri kiasi gani?

Tusidhani ni shida ya nchi maskini. Tarehe 1 Oktoba 2013 Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya kununulia bima ya afya, ikihudumia majimbo 36. Wakandarasi waliliambia Bunge lao kwamba mfumo mzima ulijaribiwa kwa pamoja wiki mbili tu kabla ya kufunguliwa. Siku chache kabla, jaribio la mamia machache ya watumiaji wa kubuni liliukwamisha. Wakafungua hivyo hivyo. Siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha, kwa kumbukumbu zilizotolewa baadaye, walikuwa 6. Sehemu kubwa ya msongamano ilikuwa mlangoni, maana kila mgeni alilazimika kufungua akaunti kabla hata ya kutazama bei. Ilipofika Desemba, baada ya ukarabati mkubwa, Serikali ilisema tovuti inabeba watu 50,000 kwa wakati mmoja. Watu hewa walikuwa wameonya mapema. Waliokosekana ni wa kuwasikiliza.

Hapa niwatahadharishe vijana. Usipeleke kundi lako la nzige kwenye tovuti ya mtu bila idhini yake ya maandishi. Kwa mwenye tovuti huwezi kutofautishwa na mshambuliaji, na sheria zipo: Oman tangu 2011, Tanzania tangu 2015, Kenya tangu 2018.

Wengi wetu tumo kwenye kamati za jumuiya, shule na misikiti, na kila siku tunachanga kutengeneza tovuti ya ada au ya usajili. Fundi akija kukabidhi kazi, msimwulize tu kama rangi zinapendeza. Mwulizeni: umeijaribu na watu wangapi kwa wakati mmoja? Aliyechelewa sana alisubiri sekunde ngapi? Ilianguka kwa wangapi, na iliinuka vipi? Majibu hayo yaandikwe, na malipo ya mwisho yasitoke kabla hayajaletwa. Maana siku ya mwisho, anayeachwa mlangoni ni yule mwenye mtandao dhaifu na siku moja ya mapumziko.