Lori Limekwaruzwa Kwenye Paking? Lipa Mara Moja, Usilipe Mara Mbili

Ukipita Changamwe jioni, kuanzia Port Reitz hadi Mikindani na Miritini, utaona malori yamebanana kando ya barabara yakisubiri zamu ya kuingia bandarini. Dereva anarudi nyuma, taniboi anapiga bodi, "twende, twende", halafu ghafla, kwa! Trela imegusa lori la jirani. Hakuna aliyeumia, lakini taa imevunjika, bati limebonyea na rangi imetoka. Likoni hutokea kwenye foleni ya feri, na Kisauni hutokea stejini matatu zikigombania nafasi.

Wengi humaliza mambo hapo hapo: "Bosi, nitumie kitu kwa simu tuachane." Pesa inatumwa, watu wanaondoka. Wiki moja baadaye simu inalia: mwenye lori anasema hajalipwa, ile ilikuwa ya dereva tu. Leo tunaeleza jinsi ya kulipa ili jambo liishe kweli.

Kwa nini mkwaruzo mdogo una gharama kubwa?

Bodi ya lori ni kubwa na bati lake ni nzito. Fundi hapaki doa peke yake, maana rangi mpya itaonekana kama kiraka. Mara nyingi hupaka upande mzima wa kipande kilichoguswa. Na hapa Mombasa kuna chumvi ya bahari: bati likiachwa wazi, kutu huingia haraka, na kazi ya leo ikiahirishwa huwa kubwa zaidi mwezi ujao.

Tuseme madigadi imebonyea na taa ya nyuma imevunjika. Hesabu ya mfano (bei hutofautiana kwa fundi na kwa gari):

- Kunyoosha na kuchomelea bati: 6,000
- Puti, msasa na praima: 4,000
- Rangi na kazi ya kupaka: 8,000
- Taa: 3,500
- Jumla: shilingi 21,500

Ongeza siku ambazo lori litalala gereji bila kubeba mzigo. Hiyo ndiyo gharama inayosahaulika, na ndiyo huleta ugomvi baadaye kama haikutajwa mapema.

Kabla ya kutoa simu ulipe

1. Simama. Sheria ya Trafiki ya Kenya inamtaka dereva asimame baada ya ajali iliyoharibu mali, na atoe jina lake, anwani, jina la mwenye gari na namba za gari akiulizwa. Kama hamkupeana maelezo hayo, ripoti kituo cha polisi haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24.

2. Piga picha: namba za magari yote mawili, palipoguswa kwa karibu, na moja ya mbali inayoonyesha magari yalivyokuwa yamekaa.

3. Uliza mwenye gari ni nani. Dereva na utingo mara nyingi ni waajiriwa. Mpigie mwenye gari, mkubaliane naye.

4. Angalia bima yako. Bima ambayo sheria inalazimisha, chini ya Sura ya 405, ni ya kifo na majeraha ya watu wengine. Mali ya mwingine italipwa au la kulingana na mkataba wako. Na ukiwa na thadi pati peke yake, lori lako mwenyewe utalitengeneza kwa mfuko wako. Ukitaka kudai bima, wapigie kabla ya kuahidi mtu pesa, na uchukue ripoti ya polisi.

Sasa lipa

Hapa ndipo wateja wengi huteleza. Ujumbe wa malipo unaonyesha jina, kiasi, tarehe na saa. Hausemi pesa ilikuwa ya nini. Kwa hivyo, kabla ya kutuma, andika ujumbe mfupi kwa mwenye gari, mfano: "Nakulipa 21,500 kwa madigadi na taa ya lori lako, namba fulani, iliyogongwa leo Mikindani. Hili ndilo deni lote, pamoja na siku za gereji. Kubali tafadhali." Akishajibu, ndipo utume. Hifadhi jumbe zote mbili pamoja.

Kama mmekubaliana umlipe fundi moja kwa moja:

- Tumia namba ya till ya gereji ikiwa ipo, na uombe risiti.
- Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Jina likiwa geni, simamisha na uulize.
- Usilipe yote mwanzo. Toa ya spea na rangi kwanza, umalizie gari likikaguliwa mchana kwenye mwanga.

Ukituma kwa namba isiyo yake, omba irudishwe mara moja. Wateja wa M-Pesa husambaza ule ujumbe wa muamala kwa 456. Aliyepokea akishatoa pesa, kuipata huwa kazi ngumu. Kumbuka pia huduma hii ni ya aliyekosea namba, si ya aliyekosana na fundi.

Na wewe uliyegongwa?

Usiliachie gari la mwenzako kwa sababu amekuonyesha ujumbe kwenye simu yake. Ujumbe wa uongo hutengenezwa kwa dakika moja. Fungua salio lako mwenyewe uone pesa imeingia. Na akitokea mtu anayejiita wa bima au wa kampuni ya malipo akitaka namba yako ya siri "ili pesa ya ajali iingie", kata simu. Kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri, hata siku moja.

Mtumie makala hii dereva wako na taniboi wake. Wao ndio huwa pale trela inapogusa, na wao ndio huambiwa "tumalizane hapa hapa".