KOO NI NJIA PANDA
Maelezo ya kazi ya kinywa, taya na koo katika kula na kusema

Wazee wetu huwakataza watoto kusema hali wana tonge kinywani. Wengi hudhani kuwa hiyo ni adabu tu, ya kumwepusha mlaji na aibu ya kurusha chembe za chakula mbele ya wenziwe. Kumbe ndani ya makatazo hayo mna jambo kubwa kuliko adabu. Mahali pale pale papitapo chakula ndipo ipitapo pumzi, na pumzi ndiyo izaayo maneno. Katika maelezo haya tutaifuata njia hiyo tangu midomoni hadi shingoni, tuone jinsi ilivyo, na mambo yampasayo kila mzazi kuyajua ili aokoe maisha ya mtoto wake.

KINYWA NA MATAYA

Mataya ni mawili. Taya la juu limeshikamana na mifupa ya fuvu, wala halisogei. Taya la chini peke yake ndilo liendalo juu na chini, mbele na nyuma, na upande kwa upande. Ukiweka vidole mbele ya masikio yako na kufumbua kinywa, utasikia bawaba zake zikisogea. Misuli inayolitumikisha ni minne kila upande; uma meno kwa nguvu, nawe utasikia mmojawapo ukikakamaa kipajini, karibu na jicho.

Mtoto huota meno 20 ya utotoni, na mtu mzima huwa na meno 32. Ya mbele hukata, machonge huchana, na magego husaga. Ulimi hukisukuma chakula huku na huku chini ya magego, na mate hukilainisha. Mate hayo si haba: kwa siku moja mtu hutoa kadiri ya nusu lita hadi lita moja na nusu. Chakula kikiisha kusagwa na kuloweshwa, ulimi hukikusanya kikawa tonge dogo lililo tayari kumezwa.

JINSI TUNAVYOMEZA

Dari ya kinywa huitwa kaakaa. Sehemu ya mbele ni ngumu, kwa kuwa ina mfupa. Ya nyuma ni laini, nayo huinuka na kushuka. Kwenye ncha yake huning'inia kinyama kidogo kiitwacho kimio, ambacho wengine hukiita kilimi au kidakatonge.

Nyuma ya ulimi ndiko kuliko na koo, na chini ya koo mna mirija miwili. Wa mbele ni mrija wa pumzi, uendao mapafuni. Wa nyuma ni umio, uendao tumboni. Sasa msomaji na atazame ajabu hii: pumzi hutoka puani, yaani nyuma na juu, nayo yapasa iende kwenye mrija wa mbele. Chakula hutoka kinywani, yaani mbele, nacho chapasa kiende kwenye mrija wa nyuma. Basi njia hizo mbili hukatana kooni kama barabara zikatanavyo kwenye njia panda. Mtaalamu Mwingereza Charles Darwin aliyataja maajabu hayo katika kitabu chake cha mwaka 1859, kwamba kila chembe tuilayo haina budi kupita juu ya mlango wa mapafu.

Kwa nini, basi, hatupaliwi kila siku? Ni kwa sababu njia panda hiyo ina walinzi. Mara ulimi usukumapo tonge nyuma, kaakaa laini huinuka na kuziba njia ya puani. Pumzi husimama. Kongomeo, yaani lile gumba la shingoni lionekanalo zaidi kwa wanaume, huvutwa juu na mbele likajificha chini ya shina la ulimi. Kifuniko chembamba kilichoko hapo huinama juu ya mlango wa pumzi, na nyuzi za sauti zilizomo ndani ya kongomeo hufumbana. Wakati huo umio hufunguka, na tonge hupita. Haya yote hutimia kwa muda wa kama sekunde moja. Weka kidole juu ya kongomeo lako na umeze mate: utalisikia likipanda na kushuka.

Umio una urefu wa kadiri ya sentimita 25. Chakula hakianguki tu ndani yake kama jiwe kisimani, bali hukamuliwa na misuli kutoka juu hadi chini. Ndiyo maana hata mtu aliyelala aweza kumeza.

JINSI TUNAVYOSEMA

Vyombo vile vile vya kula ndivyo vya kusema. Pumzi ipandapo kutoka mapafuni hupita kati ya nyuzi za sauti, nazo hutetema. Za mwanamume hutetema kwa kawaida mara 100 na zaidi kwa sekunde moja, na za mwanamke kadiri ya mara 200. Kwa hiyo sauti ya mwanamke ni nyembamba zaidi. Shika shingo yako useme “sss”, kisha “zzz”. Katika ya kwanza hutasikia kitu. Katika ya pili utasikia mtetemo.

Sauti hiyo ikifika kinywani hufinyangwa ikawa maneno. Midomo hufumbana kwa p, b na m. Meno ya juu hugusa mdomo wa chini kwa f na v. Ncha ya ulimi hupanda nyuma ya meno kwa t, d na n, na shina lake hugusa kaakaa laini kwa k na g. Kaakaa laini likishuka, pumzi hutokea puani. Ziba pua yako useme “mama”, nawe utasikia neno likielekea kuwa “baba”.

Basi mtu asemaye au achekaye ameacha mlango wa pumzi wazi. Akiwa na tonge kinywani, mlinzi ameondoka langoni na mgeni yu mlangoni.

MTU AKIPALIWA

Ikiwa aliyepaliwa aweza kukohoa, mwache akohoe, maana hiyo ndiyo dawa bora. Lakini akiwa hawezi kukohoa, kusema wala kulia, usikawie. Mwinamishe, umpige mara tano kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega. Isipofaa, simama nyuma yake, mzungushie mikono, weka ngumi juu ya kitovu na chini ya mbavu, uvute ndani na juu kwa nguvu mara tano. Fanya hivyo kwa zamu. Mwanamke mwenye mimba akandamizwe kifuani, si tumboni.

Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, apigwe mgongoni mara tano. Kisha ageuzwe, akandamizwe katikati ya kifua mara tano. Tumbo lake lisikandamizwe kamwe. Wala usitie kidole kooni kutafuta usichokiona, usije ukakisukuma ndani zaidi. Wakati huo huo mwingine aende kutafuta msaada wa hospitali.

Walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, wala wasiachiwe vifungo na sarafu. Mtu aliyezimia asinyweshwe maji wala uji, kwa kuwa walinzi wake wamelala.

KIMIO KISIKATWE

Katika sehemu kadha za Afrika Mashariki kuna watu wanaowakata watoto kimio kwa wembe au kisu, wakidai kuwa kimerefuka na ndicho kiletacho kikohozi, kutapika au kukonda. Kimio si ugonjwa. Ni ncha ya kaakaa laini, na kila mtu anacho. Kukikata kumewaletea watoto wengi kutokwa na damu isiyozuilika, pepopunda na maambukizo ya damu, na wengine wamekufa. Zaidi ya hayo, ugonjwa wenyewe hubaki pale pale. Kikohozi kisichokoma kwa majuma mawili chaweza kuwa kifua kikuu, nacho huponywa kwa dawa za hospitali, si kwa wembe. Na mtoto aendeleaye kukohoa baada ya kupaliwa huenda ana punje ya karanga pafuni. Naye apelekwe kwa daktari.

Walinzi wa njia panda hii ni wadogo, lakini hufanya kazi usiku na mchana. Tusiwashughulishe kwa maneno wakati wa kula, wala tusimruhusu mtu awatie wembe.